Betri Imekufa: Tusiisingizie Qadari



Ndugu wasomaji, katika miezi ya uhaba wa mafuta hapa Burundi, hasa mwaka 2022 na 2024, magari mengi yalilala wiki tatu, hata mwezi. Mafuta yakipatikana, gari haliwaki. Betri imekufa! Ukiuliza, unajibiwa: "Ni qadari ya Mungu."

Sisi walimu wa madrasa tunasema hapana. Qadari tunaiamini, lakini haikuletwa kufunika uzembe. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mtu amfunge ngamia wake kwanza, kisha amtegemee Allah. Gari lililolala ndilo ngamia wetu wa leo.

Jambo lenyewe si siri. Gari lililozimwa bado linakula umeme kidogo kidogo: alamu, saa, kumbukumbu ya kompyuta yake. Likila miliampia 50 tu, kwa siku ni ampia-saa 1.2. Betri ya ampia-saa 45 itapoteza 25 kwa wiki tatu, zaidi ya nusu. Ikikaa hivyo bila kuchajiwa, salfeti huganda kwenye sahani za risasi ndani yake, na betri hairudii nguvu yake ya kwanza.

Wapo wanaojitetea: "Mimi naliwasha dakika tano kila asubuhi." Ndugu, hapo umepata hasara mara mbili. Kuwasha kunachota umeme mwingi, na dakika tano za kunguruma pale pale hazitoshi kuijaza betri. Mafuta nayo yanaungua bure, na jirani anatafuta lita moja ampeleke mgonjwa hospitali. Hii si hadhari, ni israfu.

Dawa ni spana moja, mara nyingi namba 10. Kabla gari halijalala, betri iwe imejaa. Zima kila kitu, toa ufunguo nje, kisha fungua waya wa upande wa hasi, wenye alama ya kutoa, uuweke mbali usiguse betri. Ukirudisha, huo uwe wa mwisho kufungwa. Saa ya gari itapotea na redio huenda ikadai namba yake ya siri, basi iandike mapema. Mwenye umeme nyumbani aichaji betri kila mwezi.

Tena tunasema wazi kwa kamati za misikiti: gari lililonunuliwa kwa sadaka za wajane na wachuuzi ni amana. Likishindwa kuwaka siku ya mgonjwa au ya janaza, mtaulizwa. Na msituitie watoto kutoka darasani walisukume. Watoto wameletwa kusoma Qur'ani, hawakuletwa kuwa staata ya gari.

Enyi vijana wanafunzi, leo baada ya Alasiri waulizeni wazee wenu: waya umefunguliwa? Kisha ombeni dua.

Wabillahi tawfiq.