Usisingizie ukoo, chunga ini lako

KIJANA, ukisikia saratani ya ini unamfikiria nani? Bila shaka mlevi wa miaka mingi. Wewe hugusi pombe, lakini kila jioni ni chipsi, bhajia na soda, basi unajiona uko salama. Pole, mambo hayako hivyo.

Mafuta yanaweza kujaa kwenye ini bila tone la pombe. Kwa miaka mingi hutahisi chochote. Baadaye ini huvimba na kupata makovu, na kwa baadhi ya watu saratani huanzia hapo.

Mbona basi marafiki wawili wale kibanda kimoja, augue mmoja tu? Sehemu ya jibu iko kwenye jeni. Mwaka 2008, watafiti wa Dallas, Marekani, walitangaza kuwa kuna aina ya jeni iitwayo PNPLA3 inayofanya mafuta yarundikane kwenye ini. Waliorithi aina hiyo kwa baba na kwa mama walikuwa na mafuta zaidi ya mara mbili ya wasio nayo. Tafiti zilizofuata ziliihusisha pia na saratani ya ini.

Watu wenye asili ya Afrika katika utafiti huo hawakuwa nayo sana. Lakini usishangilie mapema. Kuna jeni nyingine, TP53, ambayo huzuia seli zilizoharibika zisizidi kuongezeka. Unaweza kuzaliwa nayo ikiwa nzima, kisha sumu ya aflatoksini kutoka kwa mahindi yaliyoota kuvu ikaiharibu ndani ya ini lako. Sumu hiyo tunaijua: mwaka 2004 iliua zaidi ya watu 100 nchini, wengi wao Makueni na Kitui.

Ndiyo maana hatukubaliani na wanaosema, “Hii ni ya ukoo wetu, nitado?” Ubaya wa PNPLA3 huzidi mwili unaponenepa. Mwenye kilo 90 akipunguza tano hivi, mafuta ya ini huanza kupungua. Akifikisha tisa, hata uvimbe hutulia kwa wengi.

Serikali nayo isiwaachie vijana mzigo wote. Mahindi yapimwe kabla ya kufika sokoni na shuleni, si baada ya watu kufa.

Na wewe, ikiwa kwenu kuna aliyeugua ini, au kitambi kimeanza kuchomoza, usingoje maumivu. Nenda kliniki, mweleze daktari historia ya familia yenu, na uulize kuhusu kupimwa ini.