VIDONGE VITAMU HAVISHIKI MAHALI PA CHANJO



Wazazi kati yetu huuliza: Je, vidonge vya homeopathi vyaweza kushika mahali pa chanjo ya mtoto? Muuzaji husema kwamba vidonge vyake havileti homa wala kilio. Sisi twajibu waziwazi: haviwezi.

Hatumkatazi mzazi kununua apendacho kwa mafua ya mtoto. Lakini ni haki yake kujua anachonunua. Homeopathi ilianzishwa na daktari Mjerumani, Samuel Hahnemann, mwaka 1796. Tone moja la dawa hutiwa katika matone 99 ya maji au spiriti. Tone moja la mchanganyiko huo hutiwa tena katika matone 99 mengine, na kuendelea hivyo, pengine mara 30. Mwisho hapabaki hata chembe ya ile dawa ya kwanza.

Wengine husema chanjo nayo ni kitu kidogo tu, basi ni mamoja. Si mamoja. Katika chanjo mna kipimo kinachojulikana cha kijidudu kilichodhoofishwa au kuuawa, au sehemu yake, na kwacho mwili wa mtoto hujifunza kupigana kabla adui mwenyewe hajafika.

Tumkumbuke mfanya kazi mwenzetu, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia. Aliogopa maumivu ya kuchanjwa, na mwaka 1977 akashikwa na ndui. Alipona, akawa mtu wa mwisho duniani kuipata ndui kwa njia ya kawaida. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ndui imekwisha, na iliyoimaliza ni chanjo. Baadaye Maalin alizunguka kwao akiwahimiza wazazi wawapeleke watoto wapate chanjo ya polio.

Lakini tusiwalaumu wazazi peke yao. Chanjo katika zahanati za Serikali ni bure. Siku ya kazi si bure. Kibarua akienda kliniki hukosa ujira wa siku ile, na muuzaji wa vidonge humfuata mlangoni jioni. Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mama likizo ya miezi mitatu yenye mshahara. Sasa hesabuni: chanjo huanza mtoto akizaliwa, hufuata wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha ya surua mwezi wa 9 na wa 18. Wiki ya 14 ikifika, mama amekwisha rudi kazini.

Basi kila tawi litie jambo hili katika madai ya mapatano yajayo: mama au baba apewe saa za kumpeleka mtoto kliniki bila kukatwa mshahara, naye aonyeshe kitabu cha kliniki akirudi. Na mzazi asingoje mapatano hayo. Surua haimngoji mtu.