Ada za leseni ya baa ziende zahanati

Kila pombe inapoua watu wengi kwa mkupuo, serikali ya Kenya hurudia jambo lile lile. Chifu na askari huingia vichochoroni, mapipa ya kangara humwagwa mbele ya kamera, mama pima, wauzaji wa pombe hizo, hupakiwa kwenye gari la polisi, na wakubwa hutoa makataa. Ndivyo ilivyokuwa Julai 2015, Rais Uhuru Kenyatta alipowaagiza wabunge wa eneo la Kati waongoze msako wa pombe za bei rahisi. Ndivyo ilivyokuwa tena Machi 2024, Waziri wa Usalama Kithure Kindiki alipotangaza hatua 25 baada ya watu 17 kufa Kirinyaga kwa kinywaji ambacho, kwa maelezo ya serikali yenyewe, kilikuwa kielelezo cha kesi kilichotoka mikononi mwa polisi.

Hatuna neno la kumtetea anayewauzia wenzake methanoli. Afungwe. Lawama yetu leo ni kwa upande wa pili wa kazi, ambao serikali imeutelekeza miaka yote hii huku ikijipiga kifua kwa misako: kumtibu anayekunywa.

Mchukue mtu ambaye kwa miaka mingi hawezi kuianza siku bila kutoa loki, yaani kunywa tena asubuhi ili mwili utulie. Baa anayoitegemea ikifungwa leo, kesho asubuhi mikono itatetemeka na jasho litamtoka. Ndani ya saa 6 hadi 48 anaweza kuanguka kifafa. Kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuanza kuweweseka, kuona vitu visivyokuwepo, homa ikipanda na moyo ukienda mbio. Hali hiyo huua asipotibiwa. Kumwambia mtu wa namna hiyo “kama wewe ni mwanamume, acha leo hii” ni kumhatarishia maisha. Anahitaji diazepamu kwa vipimo vinavyopunguzwa siku hadi siku, vitamini B1 ya kuukinga ubongo, maji ya kutosha, na muuguzi anayejua anachokitazama. Hizo si dawa za anasa. Lakini mara nyingi anachopata ni mahubiri, au seli.

Na hawa si wachache. Utafiti wa kitaifa wa 2022 wa NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ulikadiria kuwa Mkenya mmoja kati ya kila 20 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 ni mraibu wa pombe. Hospitali ya Mathari, ile ya taifa ya magonjwa ya akili jijini Nairobi, haiwezi kuwabeba. Vituo binafsi vya kurekebisha waraibu vipo, ila jamaa hulazimika kuuza ng'ombe au kipande cha shamba ili kulipia miezi mitatu, na mgonjwa akitoka hurudi mtaa ule ule, kwa marafiki wale wale, bila mtu wa kumfuatilia. Wapo waliofungwa kamba na kupelekwa huko kwa nguvu, ndugu wakidhani wanawaokoa. Hatutaki kuwahukumu ndugu hao. Wamekosa mlango mwingine wa kubisha.

Milango mingine ingeweza kuwepo. Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza naltreksoni na akamprosati kwenye orodha yake ya dawa muhimu, kwa ajili ya waraibu wa pombe. Naltreksoni hupunguza ile raha inayomvuta mtu kwenye glasi ya pili na ya tatu, na hivyo inaweza kumfaa hata ambaye bado anapunguza na hajaacha. Haimfai anayetumia dawa za jamii ya afyuni. Akamprosati humsaidia aliyekwisha kuacha asirudi nyuma, mradi figo zake ni nzima. Disulfiramu ni ya zamani zaidi: ukiimeza kisha ukanywa, utatapika na moyo utakwenda mbio. Hiyo ni ya mtu aliyekubali mwenyewe na anayesimamiwa na daktari. Anayemtilia mumewe kwenye chai bila yeye kujua anacheza na uhai wake.

Dawa peke yake haitoshi, na hapa ndipo visingizio vya serikali vinapoanguka kabisa, kwa sababu msaada wa maneno ni rahisi na umekwisha kupimwa hapa hapa nchini. Huko Eldoret, watafiti waliofanya kazi na AMPATH, mpango wa huduma za VVU, waliwachukua watu 614 waliokuwa wakihudumiwa kwa VVU na wakinywa pombe kupita kiasi. Nusu walifundishwa mambo ya maisha yenye afya. Nusu nyingine walikaa katika vikundi na kujifunza namna ya kutambua kinachowasukuma kunywa, kumkatalia rafiki anayewanunulia, na kupitisha ile saa ngumu ya jioni. Vikao vilikuwa sita, kimoja kwa wiki, kwa Kiswahili, na walioviendesha hawakuwa madaktari wala wanasaikolojia. Walikuwa washauri wa kawaida waliopewa mafunzo na kusimamiwa. Matokeo yaliyochapishwa 2021 yalionyesha kundi hilo la pili lilipunguza pombe kuliko la kwanza. Tangu hapo, ni kaunti gani imeanzisha vikundi hivyo katika vituo vyake vyote vya afya?

Kuna pia msaada wa wale waliopitia uraibu wenyewe. Alcoholics Anonymous, iliyoanza Akron, Marekani, mwaka 1935, ina mikutano Nairobi, na hakuna anayetozwa kiingilio. Uchambuzi wa 2020 wa Cochrane, mtandao wa kuchambua tafiti za tiba, uliokusanya tafiti 27, ulikuta kwamba programu za kuwaunganisha watu na mikutano hiyo kwa mpangilio huwafikisha wengi zaidi kwenye kuacha kabisa kuliko tiba nyingine za mazungumzo. Si kila mtu atapenda lugha yao ya kiroho, na anayetaka kupunguza tu huenda asijione pale. Ndiyo maana vikundi vya namna ya Eldoret vinahitajika pia. Nchi ambayo akina mama wake hukutana kila wiki kuchangia chama cha akiba, huweka daftari na kumfuata nyumbani asiyefika, haina haki ya kusema haijui jinsi ya kuwaweka watu pamoja.

Nani awajibike? Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeweka mikononi mwa kaunti utoaji wa leseni za vileo na pia usimamizi wa zahanati na vituo vya afya. Gavana yule yule anayepokea ada ya mwenye baa ndiye mwajiri wa muuguzi. Marekebisho ya 2022 ya Sheria ya Afya ya Akili yamezitwika kaunti jukumu la huduma hizo hadi mashinani, na yanamtambua mraibu wa pombe kuwa mgonjwa. Kaunti inayochukua ada za leseni kila mwaka huku zahanati zake hazina muuguzi hata mmoja anayejua kumtoa mtu kwenye pombe kwa usalama imewaibia wagonjwa wake. Hatuoni neno laini zaidi la kutumia.

Wizara ya Afya nayo isijifiche nyuma ya ugatuzi. Naltreksoni na akamprosati ziingie kwenye ununuzi wa umma, na simu ya bure ya NACADA, 1192, iwe na mahali pa kumwelekeza anayepiga, karibu na kwake, wiki hiyo hiyo.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hutakiwa kufika kwenye mabunge ya kaunti kufikia Aprili 30. Wawakilishi wa wadi wadai yaonyeshe, katika mstari wake wenyewe, ada za leseni za vileo zilizokusanywa na kiasi kilichotengewa matibabu ya waraibu. Mstari huo ukikosekana, wasipitishe.