Kutembea Msituni si Anasa ya Wageni

Iko kasumba moja iliyojikita vichwani mwa watu wengi wa mijini, nayo ni kuamini kwamba mtu mzima anayepanda kilima pasipo kutafuta kuni, asali wala mbuzi aliyepotea, ama ni mgeni kutoka Ulaya ama amekosa kazi ya kufanya. Mgeni akipita na mfuko mgongoni na fimbo mkononi huitwa mtalii. Huandikiwa stakabadhi na kupewa mtu wa kumwongoza. Fundi cherehani wa Singida mjini akimchukua mkewe na watoto wake siku ya Jumapili kwenda kutembea katika bonde lenye miti, huulizwa anatafuta nini huko, na yumkini mgambo akamshuku kuwa ni mchoma mkaa.

Kasumba hiyo ingekuwa ya kuchekesha tu kama isingekuwa na hasara. Na hasara yake yapasa kuangaliwa katika Mkoa wa Singida kwanza, kwa sababu huko ndiko wananchi walikotoa mfano kwamba msitu hulindwa na miguu ya watu wanaoupita. Mfano wenyewe ni Mgori.

Msitu wa Mgori uko mashariki ya mji wa Singida, katika nchi ya vilima na makorongo. Ni msitu wa miombo, na ukubwa wake wapata hekta 40,000. Vijito vya nchi hiyo ni vya msimu: masika huteremka kwa kishindo, kiangazi hubaki mchanga mweupe ambao mwenyeji peke yake ajua pa kuufukua apate maji. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 palikuwa na mpango wa kuutangaza msitu huo kuwa hifadhi ya Serikali, kama ilivyokuwa desturi tangu enzi za Mjerumani na Mwingereza: mipaka huchorwa, mbao za katazo husimikwa, na mwanakijiji aliyezaliwa kando ya mti huo huwa mvamizi kuanzia siku hiyo. Katika wilaya jirani ya Babati, kwenye misitu ya Duru na Haitemba, mpango wa namna hiyo ulikuwa umewatia wananchi hofu, wakaanza kukata upesi kabla miti haijawa mali ya mwingine.

Busara ikashinda. Kwa ushauri wa wataalamu na msaada wa Sweden, vijiji vitano, yaani Ngimu, Pohama, Unyampanda, Mughunga na Nduamughanga, vilikabidhiwa ulinzi wa msitu, kila kijiji na sehemu yake. Vijana wa vijiji wakachaguliwa kuwa walinzi, na sheria ndogo zikatungwa. Mpaka wa namna hiyo hauwekwi kwa ramani ya ofisini peke yake. Huwekwa kwa kutembea, mzee akisema mwisho ni mbuyu ule, na mzee wa kijiji cha pili akikubali au akibisha papo hapo. Na mlinzi wa namna hiyo hana gari. Ana miguu, panga na filimbi, na elimu ya kujua kwamba njia hii jana haikuwa na alama za matairi. Baadaye ndipo zikaja Sera ya Taifa ya Misitu ya mwaka 1998, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, ambayo iliutambua msitu wa hifadhi wa kijiji. Kwa maneno mengine, Bunge lilifuata nyayo ambazo wanakijiji walikwisha zikanyaga.

Sasa miaka imepita. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka ishirini mwaka 1995, akitembea doria katika korongo la Mgori, leo amekwisha fika miaka hamsini. Magoti yanaanza kumsumbua. Mwanawe yuko mjini akiendesha bodaboda, na mjukuu anaijua sura ya twiga kwa kuiona katika simu. Mahitaji ya mkaa hayajapungua, mashamba ya alizeti yanatafuta ardhi, na ng'ombe nao wanatafuta malisho. Swali ambalo viongozi hawana budi kulijibu ni hili: nani atakayeusimamia msitu huo, na mingine kama huo, ikiwa kizazi kinachokuja hakijawahi kukanyaga majani yake? Mlinzi anaweza kuajiriwa. Uchungu wa mahali hauajiriwi. Hupatikana utotoni, kwa kwenda mahali hapo na baba na mama, kuchomwa na mwiba wake na kula tunda lake.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mawazo ya utalii, na utalii ni shughuli ya fedha za kigeni. Mjadala huo si mgeni katika nchi hii. Mwaka 1970, katika kurasa za gazeti la The Standard la Dar es Salaam, wasomi na vijana wa TANU walibishana vikali kama utalii waweza kukaa pamoja na ujamaa, na mabishano hayo yakachapwa kuwa kitabu mwaka 1973, mhariri akiwa Issa Shivji. Wengi walichelea kwamba nchi itageuka kuwa ya watumishi wa mezani, wenye kutabasamu kwa bakshishi. Wasiwasi wao haukuwa wa bure. Lakini mtu aliyekuwa akijadiliwa humo alikuwa ni mgeni: aje au asije, na akija atalala wapi. Mwenyeji anayezuru nchi yake mwenyewe, bila hoteli wala bakshishi, ni jibu ambalo hata wapinzani wakali wa wakati ule wangeona taabu kulipinga.

Isitoshe, kutembea kwa hiari si jambo lililoletwa na wageni. Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere alitoka Butiama kwa miguu hadi Mwanza, mwendo wa zaidi ya kilomita 200, kuliunga mkono Azimio la Arusha, na nchi nzima ikaingia barabarani. Hakuna aliyeuliza kwa nini hakupanda gari. Safari ile ilikuwa ya siasa, na fundi cherehani wa Singida hadaiwi afanye mwendo kama ule. Kilomita nne na watoto zamtosha.

Hoja nzito zaidi hutoka kwa akina mama, na haifai kupuuzwa. Mwanamke wa kijijini aliyebeba kuni na maji juma zima, akiambiwa kwamba Jumapili kuna matembezi ya kupanda kilima kwa ajili ya kujiburudisha, ana haki ya kucheka. Kwake kilima ni kazi. Basi matembezi ya familia yawe ya familia kweli: chakula kibebwe na baba, mtoto mdogo apandishwe mabegani mwa baba, na mama atembee mikono mitupu, aonyeshe wanawe miti anayoijua. Na kwa kweli yeye ndiye anayeijua. Katika nyumba nyingi mwanamume aweza kutaja mninga kwa sababu ya mbao zake. Mama ndiye mwenye kujua mti upi huwaka bila moshi, mzizi upi hutuliza tumbo, na majani yapi huliwa mwaka wa njaa. Elimu hiyo haimo katika vitabu vya shule. Ikiwa haikurithishwa njiani, haitarithishwa.

Hoja ya hatari nayo ni ya kweli. Ndovu hupita pande za Mgori, nyuki wa Singida hawapendi kelele, na bonde lililo kavu asubuhi laweza kuwa mto jioni mvua ikinyesha huko juu. Watu wa Singida hawajasahau yaliyotokea kwa jirani zao wa Katesh tarehe 3 Desemba 2023, matope na mawe yalipoporomoka kutoka Mlima Hanang na kuua watu zaidi ya 80. Kwa hiyo hakuna anayeshauri familia iingie korongoni wakati wa masika, wala iingie msituni bila kupita ofisi ya kijiji. Lakini hatari hizo ndizo zinazotaka mwenyeji wa kuongoza, na mwenyeji huyo ni ajira. Yule mlinzi wa miaka hamsini, mwenye kuijua kila njia ya ng'ombe, yafaa apewe kazi hiyo kabla hajazeeka na kuondoka na alichonacho.

Si lazima yajengwe majengo. Hapa ndipo mipango mingi huharibika: mara tu litajwapo neno utalii, hutafutwa mfadhili, hupimwa kiwanja cha hoteli, na jambo hulala mezani miaka kumi. Kinachotakiwa ni njia moja iliyofyekwa, isiyozidi kilomita sita kwenda na kurudi, yenye kupanda taratibu na kupitia mahali penye kivuli, alama za rangi juu ya mawe, choo, na ada ndogo inayoandikwa katika daftari la kijiji na kusomwa mbele ya mkutano wa wananchi. Wenye dhamana ya msitu, iwe ni serikali ya kijiji au Wakala wa Huduma za Misitu, wakae meza moja na kugawana ada hiyo kwa uwazi. Wakala huo hauwezi kusema jambo hilo ni geni kwake. Pugu, karibu na Dar es Salaam, familia za mjini hupanda vilima siku za mapumziko na kwenda kutazama popo katika mapango ya machimbo ya zamani. Kama mtoto wa Ilala aweza kwenda msituni, mtoto wa Singida ana kosa gani?

Na Mkoa wa Singida hauishii Mgori. Katika Wilaya ya Manyoni uko ukingo wa Bonde la Ufa pale Kilimatinde, ambapo misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilipanda, watumwa na wapagazi wakiwa na pembe mabegani; mwaka 2006 Tanzania iliitaja njia hiyo, na Kilimatinde ndani yake, katika orodha ya mahali inapopendekeza kwa Urithi wa Dunia. Iramba uko mteremko wa Sekenke unaotazama mbuga ya Wembere. Dhahabu ya Sekenke ndiyo Wajerumani waliyoigonga kuwa sarafu huko Tabora mwaka 1916, vita vilipowakata na kwao. Mwalimu wa historia akiyafundisha hayo ubaoni, darasa husinzia. Akiyafundisha akiwa amesimama ukingoni na bonde lote liko chini ya miguu ya watoto, hakuna atakayesinzia.

Halmashauri zianze na likizo ya Juni, shule zinapofungwa. Mvua imekwisha, njia ni kavu, na upepo wa Singida ni wa baridi kiasi kwamba watoto watembea bila kulalamika. Familia iondoke saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na maji ya kutosha, viazi vya kuchemsha na karanga. Katambuga ni viatu tosha. Mwendo uwe wa mtoto mdogo kuliko wote, naye atangulie mbele nyuma ya mwongozaji.