Setilaiti za wanafunzi zapasa kusikilizwa humu nchini

Mnamo Mei 11, 2018, kisanduku chenye urefu, upana na kimo cha sentimita 10 kilisukumwa nje ya kituo cha kimataifa cha anga kupitia maabara ya Kijapani iitwayo Kibo. Hicho kilikuwa 1KUNS-PF, setilaiti ya kwanza ya Kenya, iliyotokana na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa msaada wa shirika la anga la Japani, Umoja wa Mataifa na wataalamu wa Italia. Hongera zikatolewa, makofi yakapigwa, na wengi wetu tukarejea kwenye shughuli zetu tukidhani kwamba kazi imekwisha. Kumbe kazi ya setilaiti huanza siku ile inapoachiliwa.

Setilaiti ya aina hii ni redio ndogo iliyowekwa mbali. Haina mafuta wala injini. Ina vibamba vya kunasa nguvu za jua, betri, kompyuta ndogo na mtambo wa kurusha mawimbi ambao nguvu zake hazizidi sana zile za kitaa cha kusomea. Huizunguka dunia kwa muda wa dakika 92 hivi, na kwa ajili hiyo msikilizaji aliye Nairobi huipata kwa dakika 10 tu, ikiwa imepita vizuri, kisha huzama upande wa pili wa upeo wa macho. Kituo kimoja, hata kikijengwa kwa mamilioni, hakiwezi kuisikia ikiwa juu ya Pasifiki. Je, katika saa hizo zote nyingine, ni nani ajuaye kwamba betri yake inapungua au kwamba kompyuta yake imezimika na kujiwasha upya?

Jibu ni kwamba wapo watu wasiolipwa hata senti moja ambao hujua. Hawa ni waendeshaji wa redio ya ridhaa, yaani wale waliopasi mtihani, wakapewa leseni na alama ya kujitambulisha (hapa kwetu huanza na 5Z4), na ambao huwasiliana kwa mapenzi ya fani yenyewe. Uhusiano wao na anga ni wa tangu zamani. Mnamo Desemba 12, 1961, miaka miwili kamili kabla ya Kenya kujinyakulia uhuru, kikundi cha waendeshaji wa California kilipata nafasi ya kupakia setilaiti yao, OSCAR 1, kwenye roketi ya jeshi la Marekani, mahali ambapo pengewekwa kipande cha chuma cha kusawazishia uzito. Ilikuwa na kilo 4.5. Ilichoweza kusema ni neno moja tu la salamu kwa alama za Morse, nukta nne kisha nukta mbili, nayo kasi ya salamu hiyo ilibadilika kadiri joto la ndani lilivyobadilika. Aliyekuwa na saa ya mkononi aliweza basi kupima joto la chombo kilicho angani. Watu zaidi ya 570 kutoka nchi 28 walituma taarifa za walichosikia.

Wanafunzi hawakuchelewa kufuata. Wale wa Chuo Kikuu cha Melbourne waliunda Australis-OSCAR 5, iliyorushwa Januari 23, 1970, na antena zake zilikatwa kutoka kwa utepe wa chuma wa kupimia, ule wa maseremala. Mwaka wa 1999 maprofesa wawili wa Marekani, Bob Twiggs na Jordi Puig-Suari, waliweka kipimo cha kisanduku cha sentimita 10 ili chuo chochote kiweze kumudu gharama, na mwezi Juni 2003 vile vya kwanza vikarushwa, vikiwemo viwili vya vyuo vya Tokyo. Jirani zetu nao hawakubaki nyuma: Rwanda ilikuwa na RWASAT-1 mwaka 2019, na Uganda PearlAfricaSat-1 mwaka 2022.

Kati ya wanafunzi hao na wanaridhaa pana maafikiano ambayo hayafai kuvunjwa. Chuo hupewa nafasi katika masafa ya ridhaa, kwa mfano kati ya megahezi 435 na 438. Nacho chapasa kutangaza wazi namna ya kuzisoma taarifa za setilaiti yake, kwa kuwa sheria za kimataifa za redio ya ridhaa hazikubali biashara wala mafumbo ya kuficha maana, isipokuwa kwa amri za kukiendesha chombo chenyewe. Chuo kinachotumia masafa haya kwa sababu tu ni rahisi kuyapata, kisha kikafungia taarifa zake kabatini, kinawadharau watu wanaokesha wakikisikiliza bure.

Ndipo tunapofika kwenye jambo linalotusumbua. Sisi tumetoa setilaiti, lakini masikio mengi yaliyo tayari kuisikiliza yako Ulaya, Japani na Marekani. Si mara ya kwanza. Mnamo Desemba 12, 1970, setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwa nyota ilirushwa na Waitaliano kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikabatizwa jina Uhuru. Jina na bahari vilikuwa vyetu, elimu ikaenda kwingine. Yetu ya 2018 iliungua ikirudi kwenye hewa mwaka 2020. Je, ni shule ngapi za upili zilizowahi kuisikia ikipita juu ya mapaa yao?

Watakuwepo watakaosema kwamba shule isiyo na madawati haina haja na mambo ya anga. Hoja hiyo ina uzito, lakini inakosea juu ya gharama. Kipokezi kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta hupatikana kwa shilingi elfu chache. Antena yaweza kutengenezwa kwa utepe ule ule wa seremala na vipande vya paipu ya plastiki. Na faida kwa mwalimu wa fizikia ni kubwa. Chukua athari ya Doppler, ambayo wengi huikariri bila kuiona. Setilaiti inayorusha kwa megahezi 437 husikika takriban kilohezi 10 juu ya hapo inapokaribia, na kiasi kama hicho chini yake inapokwenda zake, sawa na king'ora cha ambulensi kinavyoshuka sauti kikishatupita. Mwanafunzi akiyaandika masafa hayo kila nusu dakika na kuchora grafu, ataikadiria kasi ya chombo kwa hesabu yake mwenyewe, nayo itakaribia kilomita saba na nusu hivi kwa sekunde.

Twaiomba Wizara ya Elimu iyatambue masomo ya namna hii katika mtaala wa umilisi kama mradi halali wa kutahiniwa. Twaiomba pia Mamlaka ya Mawasiliano iwasogezee walimu leseni ya ridhaa, mwalimu wa Lodwar asilazimike kufunga safari ya Nairobi kwa ajili ya karatasi. Nao wahandisi wa vyuo vikuu, watakapounda setilaiti nyingine, waandike mwongozo wa kuisikiliza, kwa Kiswahili na Kiingereza, kabla ya siku ya kurushwa.

Mwalimu asiyetaka kungoja waraka anaweza kuanza na kituo kile kile cha anga kilichoiachilia 1KUNS-PF. Tangu mwaka 2000 wanaanga wake wamekuwa wakizungumza na shule kwa redio ya ridhaa, na sauti yao hushuka kwa megahezi 145.800. Saa za kupita kwake hutangazwa mapema, na mara nyingi akiwa juu ya Kenya huonekana kwa macho baada tu ya jua kuchwa.