Mpeleke Mwanao Bujora

Likizo ya mwezi wa sita inapokaribia, akina mama wa Bariadi huulizana swali lile lile: watoto tuwapeleke wapi? Wenye nauli husema Mwanza. Wakifika huko huwaonyesha watoto Jiwe la Bismarck, huwanunulia soda na chipsi, kisha safari imekwisha. Si vibaya. Ila kilomita kama 20 kabla ya kuingia jijini, ukifika Kisesa, kuna njia inayopanda kwenye kijiji cha Bujora, na wengi wetu tumeipita mara nyingi tukiwa tumelala ndani ya basi.

Safari yenyewe si ngumu. Ni lami kutoka Bariadi hadi Lamadi, halafu unashika barabara kuu ya Musoma kwenda Mwanza. Njiani utauvuka Mto Simiyu uliotupa jina la mkoa wetu. Waamshe watoto wauone. Wengi huandika jina hilo kwenye madaftari bila kujua kwamba ni mto unaoingia Ziwa Victoria. Pale Kisesa mtashuka na kuchukua bodaboda, au kutembea kama miguu inaruhusu.

Bujora ndiko yalipo Makumbusho ya Wasukuma. Mwanzilishi wake ni Padri David Clement, Mkanada kutoka Quebec, wa shirika la Wamisionari wa Afrika ambao watu huwaita Mapadri Weupe. Wasukuma walimpa jina la Fumbuka. Alianza kazi hapo miaka ya 1950, wakati ambapo wamisionari wengi walikuwa wakiwaambia waumini waache ngoma zao. Yeye aliwakusanya watunzi, akataka nyimbo za ibada ziimbwe kwa sauti ya Kisukuma. Kanisa lake ni la duara kama nyumba ya mtemi, na altare ina umbo la kiti cha mtemi. Sisi ambao si Wakatoliki hatukatazwi kuingia na kutazama. Mtoto akiuliza kwa nini kanisa hili halifanani na letu, hilo ni swali zuri, usilikate.

Nje ya kanisa kuna banda la watemi, nalo limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi, na ndani yake zimo ngoma na vitu vingine vya utawala. Serikali ilifuta utawala wa watemi mwaka 1963, kwa hiyo hata sisi wa miaka arobaini na kitu tumeukuta ukisimuliwa tu. Jambo moja wasimulie binti zako. Zamani mtoto wa kiume wa mtemi hakuwa mrithi. Mrithi alitafutwa kwa upande wa wanawake, akawa mtoto wa dada yake mtemi, na waliomchagua waliitwa banang'oma. Nilipomweleza binti yangu alicheka mpaka kaka yake akanuna.

Watoto wadogo hawatajali habari za watemi. Wao wapeleke kwenye pipa la kuzungusha linaloonyesha namna mbalimbali za kuhesabu moja mpaka kumi. Kila rika lilikuwa na maneno yake, ili wengine wasielewe linachosema. Wangu waligoma kuondoka hapo. Na hawa ni watoto ambao ukiwasalimu "Mwangaluka" hukujibu "Shikamoo"!

Sasa nije kwenye nyumba ya Msukuma, maana hapo ndipo ningependa ukae nao muda mrefu kuliko penginepo. Ni nyumba ya duara ya zamani, ndani giza. Mwambie mwanao afikirie mafiga matatu humo, kuni mbichi, au mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa kwa kuwa miti imekwisha, na mama anayechochea asubuhi na jioni kwa miaka 50. Moshi hauna pa kutokea. Macho huwasha, hutoa machozi, na mwishowe hubaki mekundu hadi uzeeni. Nimewahudumia bibi wengi wenye macho hayo. Baadhi wana vikope, ule ugonjwa unaogeuza kope zikakwaruza jicho, nao una dawa, na kope zilizogeuka hurekebishwa kwa upasuaji mdogo. Wengine hawana ugonjwa wowote ila kazi ya jikoni.

Nawe unajua, kwa kuwa u mtu wa huku, macho hayo yamewagharimu nini. Kwa miaka mingi, huku kwetu Simiyu, ambako hadi mwaka 2012 tulihesabiwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga, na Mwanza pia, vikongwe wamekatwa mapanga usiku kwa kudhaniwa wachawi. Mtoto ameshikwa na degedege, mpiga ramli amesema ni mama fulani jirani mwenye macho mekundu, basi. Degedege aghalabu ni homa kali au malaria iliyofika kwenye ubongo, na mtoto huyo alipaswa kuwa zahanati saa ile ile. Mtoto wa miaka 10 akisimama ndani ya nyumba ile na kuelezwa macho ya bibi yake yalikopata wekundu, ni vigumu mtu kuja kumjaza hofu nyingine baadaye. Ninyi akina mama ndio wa kumweleza. Usimwachie mwongoza wageni, yeye ana kundi jingine linamsubiri.

Ipo pia nyumba ya mganga, na hapa najua baadhi yenu mtasita mlangoni. Mama mmoja wa kikundi chetu alinieleza waziwazi kwamba hawezi kuwaingiza watoto wake waliobatizwa mahali pa vibuyu na masamva. Namheshimu, lakini sikubaliani naye. Watoto wetu wanapita mbele ya vibao vya waganga kila siku waendapo shule, na hakuna anayewaeleza kitu. Hapa vitu vimewekwa wazi mchana, navyo vina maelezo. Mimi huingia nao nikawaambia kwamba mjuzi wa mitishamba na mpiga ramli si mtu mmoja, na kwamba dawa ya mizizi isiyojulikana kipimo chake inaweza kuharibu figo za mtoto.

Mkiweza kupanga safari yenu ilingane na Bulabo, mtafaidi zaidi. Ni sherehe za ngoma zinazofuata Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, aghalabu mwezi Juni. Hapo hushindana Bagika na Bagalu, makundi yaliyotokana na wachezaji wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Mshindi ni yule anayevuta watu wengi. Utaona bugobogobo, ngoma ya majembe, na wengine hucheza na chatu, kwa hiyo mtoto mwoga mshike mkono. Vumbi na jua havina huruma. Chukueni maji ya kutosha na kofia, na mwenye pumu asisahau dawa yake.

Wenye siku ya pili waende Kageye, ufukweni mwa ziwa. Stanley alifika hapo Februari 1875, akaanzia hapo kulizunguka ziwa kwa mashua yake, Lady Alice. Kijana wa Kiingereza aliyemwacha kambini, Frederick Barker, alifariki kabla hajarudi. Miaka miwili baadaye, daktari wa wamisionari wa kwanza wa Kianglikana, John Smith, naye alifia hapo hapo. Mimi kama muuguzi hilo hunigusa: daktari mwenye sanduku lake la dawa, na hakupona.

Watoto wakiyaona maji watataka kuoga. Usiwaruhusu. Konokono wa kandokando hubeba kichocho, na vijidudu hupenya ngozi ndani ya dakika chache bila mtoto kuhisi lolote. Aliyekwisha kuchovya miguu mpeleke kituo cha afya baada ya wiki kama sita akapimwe choo na mkojo, hata kama anacheza vizuri.