Uwanja wa mbali: nani anachaguaka, nani analipaka?

Tarehe 13 na 16 Novemba 2025, Léopards walicheza mechi mbili ambazo hatutazisahau. Ya kwanza walipiga Kamerun 1-0, bao la Chancel Mbemba mu dakika za nyongeza. Ya pili walitoka 1-1 na Nijeria, halafu wakashinda kwa penalti 4-3. Zote mbili zilichezwa ku Rabat, nchi ya Maroko. Wandugu wa Kolwezi, Likasi, Kipushi na Lubumbashi walitazama mu televisheni, wengine mu simu ya jirani. Mu uwanja wenyewe, ni wangapi kati yetu sisi watu wa mine waliingia? Hesabu ya vidole inatosha.

Sisi wa sendika tumezoea kuuliza swali moja mbele ya kila uamuzi: nani aliamua, na nani atalipa? Tunauliza hivyo juu ya mushahara, juu ya bisi ya kazi, juu ya dawa ya hospitali. Leo tunauliza juu ya mupira. Kuchagua pa kuchezea mechi haiko tu kazi ya wakubwa na karatasi zao. Ile siku wanaandika jina la muji, wameshaamua nani ataingia na nani atabakia ku mulango.

Njia mbili za kuchagua

Njia ya kwanza ni ya zamani: unakuja kwangu, na mimi ninakuja kwako. Kila timu inacheza mara moja mbele ya watu wake. Ndivyo Mazembe ilichukua kombe la Afrika mu 2009, mu 2010 na mu 2015. Tarehe 31 Oktoba 2010, Espérance ya Tunis ilipigwa 5-0 ku uwanja wa Kenya, hapa Lubumbashi. Mutu wa Katuba alienda kwa miguu na akarudi kula bukari kwake. Safari yake haikumugharimu hata franka moja.

Njia ya pili ni mechi moja tu, ku muji ambao haiko wa timu yoyote. Wanasemaka ni haki, juu hakuna mwenye faida. CAF iliichukua kwa ajili ya fainali ya klabu bingwa kisha fujo ya 2019 ku Radès, pale Wydad walikataa kuendelea na mechi juu ya mashine ya video haikufanya kazi. Lakini tuangalie ilitoa nini. Fainali ya 2020 ilipangwa Douala, ikahamishwa Kairo juu ya ugonjwa wa corona, na walioicheza ni Al Ahly na Zamalek, wote wawili wa Kairo. Mu 2021 walipeleka Casablanca. Mu 2022 tena Casablanca, na Wydad ya Casablanca wakafika fainali! Al Ahly walilalamika, wakaenda mpaka ku mahakama ya michezo ku Lausanne, wakakataliwa. Wydad walishinda 2-0 mbele ya watu wao. Senegali ilikuwa imeomba pia kupokea, halafu ikajitoa, Maroko ikabakia peke yake. Basi, "muji usio wa mutu" uligeuka muji wa mutu mumoja. Mu 2023 CAF walirudia mechi mbili, nyumbani na ugenini.

Hatusemi kama kuna mutu alipanga hila. Tunasema kitu kingine: nchi zenye uwezo wa kupokea ni chache. Kupokea kunaomba uwanja wenye kukubaliwa, hoteli, ndege za moja kwa moja, taa, polisi, na barua ya serikali yenye kuahidi kulipa. Nani iko na hivi vyote? Maroko, Misri, Afrika ya Kusini, na wengine wachache. Wenye kuwa na uwanja wanapewa mechi, na wenye kupewa mechi wanajenga uwanja mwingine tena. Ni kama mu soko ya shaba: mwenye mizani ndiye anasema uzito.

Juu ya ile Rabat ya Novemba, sababu inaeleweka. Timu zilikuwa nne, Gabon, Nijeria, Kamerun na sisi, na Maroko ilikuwa imeshafuzu, ilikuwa pia inajitayarisha kupokea Kombe la Afrika mwezi wa Desemba. Lakini tukumbuke Machi 2022. Ile wakati tulicheza na Maroko wenyewe, nyumbani na ugenini. Kinshasa tulitoka 1-1, Casablanca tukapigwa 4-1. Tulitolewa, ni kweli. Hata hivyo, watu wa Kinshasa waliona kwa macho yao. Mu 2025 tulishinda, na ni walio mu ndege tu walioona. Kwa mushabiki, ushindi wa mbali na kushindwa kwa karibu haviko kitu kimoja. Wakubwa wa mupira hawajaweka hii mu hesabu yao.

"Nyumbani" pa Dar es Salaam

Kuna kitu kibaya kuliko muji usio wa mutu: ni nyumbani ambapo haiko nyumbani. Tarehe 22 Oktoba 2023, Mazembe ilipokea Espérance mu African Football League. Ilipokea wapi? Ku uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam. Mazembe ilishinda 1-0, na washabiki wa Dar walipiga makofi, tunawashukuru. Lakini mushabiki wa Kamalondo, mwenye kuishi mbele ya stadi ya Mazembe, alitazama kama mutu wa Ulaya, mu televisheni. Halafu ku Radès walipigwa 3-0, mbele ya watu wa Espérance. Mumoja alicheza nyumbani kweli, mwingine alicheza ugenini mara mbili.

Ndugu zetu wa Al-Hilal ya Omdurman wanajua hii uchungu kutupita. Toka vita ilianza Sudani mu Aprili 2023, wanatangatanga. Mu msimu wa 2024-2025, walikuwa mu kundi moja na Mazembe, na nyumbani yao ilikuwa Nouakchott, Mauritania. Kwao ni vita. Kwetu hakuna bomu Lubumbashi. Kuna tu karatasi zisizotosha na uwanja usiokubaliwa. Basi hii ya kwetu inaweza kutengenezwa.

Mufano mwingine unatoka Tanzania. Mei 2025, Simba ilicheza fainali ya kombe la Shirikisho na Berkane ya Maroko. Mechi ya kwanza Berkane walishinda 2-0 kwao. Ya pili ilipaswa kuwa Benjamin Mkapa, uwanja wa watu 60.000. Siku chache mbele, CAF wakasema nyasi hazikubaliki, mechi ikahamishwa Zanzibar, uwanja wa Amaan, wenye kuchukua watu kama 15.000. Fanyeni hesabu: watu 45.000 waliondolewa na barua moja. Wengine walipanda boti, wakalipa safari ambayo hawakuipanga. Mechi ilitoka 1-1 na Berkane wakachukua kombe. Hatuwezi kusema Simba wangeshinda Dar. Tunasema kama mushabiki mwenye kupanga pesa yake ya mwezi alivunjiwa mupango wake, na hakuna aliyemulipa.

Safari ya muchimbaji

Wakubwa wanapoongea bei, wanaongeaka bei ya tikiti ya mulango. Lakini tikiti ni kitu kidogo kuliko vyote. Muwekeni chini: paspoti, viza, ndege ao bisi, pa kulala, chakula, na siku za kazi zinazopotea. Muchimbaji wa kampani lazima aombe konje, na delege wetu wanajua namna gani konje inaombwaka na namna gani inakataliwaka. Kwa krezere ni mubaya zaidi: siku hakuingia mu shimo, ile siku hakuna unga mu nyumba. Ndiyo maana mechi ya kuhamishwa siku tano mbele ni mechi ya matajiri peke yao.

Na tusisahau, hata nyumbani kwetu Congo ni mbali. Léopards wanachezaka karibu mechi zote Kinshasa, Stade des Martyrs. Kati ya Lubumbashi na Kinshasa kuko zaidi ya kilomita 1.500 kwa ndege, na barabara nzuri ya kufika haiko. Kwa mutu wa Kolwezi asiye na pesa ya ndege, Kinshasa ni mbali kuliko Lusaka. Mu Septemba 2021, timu ya taifa ilikuja kucheza na Tanzania hapa Lubumbashi, ku stadi ya Mazembe, ikatoka 1-1. Iliwezekana basi. Tunajua jibu la federasyo: Martyrs inachukua watu 80.000, Kamalondo 18.000 na kidogo. Pesa ya mulango haiwezi kulingana. Ni kweli. Lakini timu inaitwa ya taifa, haiitwi ya muji mukubwa. Mechi moja kila mwaka ku Katanga haitafilisi mutu.

Wengine watatuuliza

Tunasikia tayari sauti: "Watoto hawana madawati, maji ya mito yamechafuka, na ninyi munaongea juu ya mupira?" Swali ni la haki, na hatulikimbii.

Kodi ya mine, ile redevance, imegawanywa na sheria ya 2018: 50 kwa mia kwa serikali ya juu, 25 kwa jimbo, 15 kwa miji na sekta zenye mine, 10 kwa mufuko wa watoto watakaokuja. Tena kampani zinatoa 0,3 kwa mia ya mauzo yao kwa maendeleo ya wakaaji. Hii pesa ni ya maji, masomo, hospitali na barabara. Hatuombi hata franka moja itoke pale kwa kujenga uwanja ao kulipia watu ndege. Mukubwa akileta mupango kama huu kwa jina la washabiki, sisi wa kwanza tutaupinga.

Lakini kuna pesa nyingine ambayo imeshatoka. Kampani zinaweka majina yao ku jezi na ku mabango. Leta inalipaka safari za washabiki wa kuchaguliwa, na wanafika kule, wanaimba vizuri. Dunia nzima ilimuona ku Maroko yule mushabiki wetu mwenye kusimama mechi yote, mukono juu, kama sanamu ya Lumumba, na tulijivuna. Swali letu ni dogo: orodha ya wanaosafirishwa inaandikwaka na nani, na mu ile orodha kuko watu wa mine wangapi?

2027 iko karibu

Juu ya nini tunaongea leo? Juu Kombe la Afrika la 2027 limepewa Kenya, Uganda na Tanzania pamoja. Kwa mara moja, uwanja unatukaribia. Mutu wa Bunia, akivuka ziwa Albert, iko jirani na Hoima, pale Uganda wamejenga stadi. Mutu wa Goma na Bukavu anaangalia Kampala. Na sisi wa Katanga, barabara yetu tunaijua: Kasumbalesa, Nakonde, Tunduma, Mbeya, Dar es Salaam. Ni ileile barabara makamyo ya shaba yanapitaka mchana na usiku. Shaba tuliyoichimba inafika bahari bila shida. Tunataka, mara moja, aliyeichimba naye afike.

Hatujui bado kama Léopards watafuzu, wala watawekwa muji gani. Kati ya Dar, Arusha, Nairobi na Hoima kuko tofauti kubwa kwa mufuko wa muchimbaji. Ndiyo maana matayarisho hayawezi kungojea kura ya makundi. Sisi tunapendekeza hivi:

Kwa CAF: muji wa fainali ujulikane mbele msimu haujaanza, na mechi ikihamishwa, mwenye tikiti arudishiwe pesa yake. Sehemu ya viti, kwa bei ya chini, iwekwe kwa washabiki wa timu inayotoka mbali.

Kwa federasyo yetu: mechi moja kila mwaka nje ya Kinshasa, na uwanja wa Lubumbashi ukamilishiwe kila kitu CAF inaomba, ili "nyumbani" isiwe tena Dar.

Kwa leta: pale pesa ya watu wote inalipia safari ya wachache, orodha itangazwe.

Kwa kampani: zile zenye kujitangaza kwa mupira zilipe mabisi mazuri, yenye madereva wawili, watu wasipande juu ya mizigo ya makamyo. Konje ya 2027 iandikwe mapema mu makubaliano na delege. Na isije ikahesabiwa kama zawadi pahali pa nyongeza ya mushahara. Mushahara ni mushahara, bisi ni bisi.

Kwetu wenyewe: paspoti haipatikanaki kwa wiki moja, na bei ya haraka ni bei ya rushwa. Kila kantini, kila carrière, watu kumi na wawili wanaweza kuanza likelemba leo, kidogo kidogo kila mwezi. Mama awekwe mu hesabu toka mwanzo, juu pesa inayotoka bila yeye kujua inarudi na ugomvi. Na kama Léopards hawatafuzu, pesa iko pale, inalipa masomo ya watoto mwezi wa tisa.

Wachezaji wanashinda mu uwanja. Uwanja wenyewe unashindaniwa mu ofisi, miaka miwili mbele, na mu ile ofisi hakuna kiti cha mushabiki. Mpaka tutakipata, tujipange kama tunavyojipanga kwa kazi: pamoja, kwa hesabu, na mapema.